Domeni ya mtumaji: namna ya kuiweka sawa seva ya barua pepe ili ankara zifike

"Mwangaluka, fundi. Yule mteja wa Ubelgiji anasema ankara hajaiona. Na hii ni ya tatu."

Ndivyo alivyonipokea mhasibu wa kampuni moja ya samaki pale Igogo, Jumatatu asubuhi, begi likiwa bado begani. Kwenye kompyuta yake kila barua ilionyesha imetumwa, na hakuna hata moja iliyorudi. Ingekuwa rahisi kuusingizia mtandao. Mwanza kitu kikigoma, mshitakiwa wa kwanza ni mtandao, wa pili ni umeme. Nikafungua logi ya seva, /var/log/mail.log, na jibu lilikuwa limekaa pale tangu Alhamisi:

```
status=deferred (host mx.mteja.example[198.51.100.7] said:
450 4.1.8 <www-data@seva1.localdomain>:
Sender address rejected: Domain not found)
```

Tuisome polepole. Programu ya uhasibu ilituma ankara kwa jina la www-data@seva1.localdomain; www-data ni akaunti ambayo programu za tovuti huendeshwa nayo ndani ya seva. Seva ya mteja ikaiuliza DNS, daftari la majina ya mtandaoni, kama kuna domeni inayoitwa seva1.localdomain. Haipo. Ikajibu 450, maana yake "kwa sasa hapana, rudi baadaye". Postfix, programu inayosafirisha barua kwenye seva yetu, ni mtiifu, ikawa inarudi. Isipobadilishwa, inarudi kwa siku 5 ndipo inakata tamaa na kumrudishia mtumaji taarifa. Na mtumaji ni nani? www-data@seva1.localdomain, sanduku ambalo hakuna binadamu analifungua. Ndiyo maana mhasibu aliona kimya tu.

Mwongozo huu ni wa kumaliza tatizo la namna hiyo, na ndugu zake wa karibu: barua zinazofika lakini zinatupwa kwenye spamu, na zile zinazokataliwa kwa 550 bila mjadala. Ninatumia Postfix kwenye Debian au Ubuntu, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo kwenye ofisi nyingi ninazozihudumia. Kwenye mifano domeni ni minofu.example, mashine ni barua.minofu.example, na anwani ya IP ni 203.0.113.25. Mwisho wa .example na anwani hizo vimetengwa kwa ajili ya mifano, havina mwenyewe. Wewe weka vyako, iwe .co.tz au .com.

## Majina manne, na yote yanaangaliwa

Watu wengi hudhani barua pepe ina mtumaji mmoja, yule anayeonekana juu ya barua. Hebu tazama seva mbili zinapozungumza:

```
220 mx.mteja.example ESMTP
EHLO barua.minofu.example
250 mx.mteja.example
MAIL FROM:<ankara@minofu.example>
250 2.1.0 Ok
RCPT TO:<manunuzi@mteja.example>
250 2.1.5 Ok
DATA
354 End data with <CR><LF>.<CR><LF>
From: Idara ya Ankara <ankara@minofu.example>
Subject: Ankara ya mzigo
```

Mstari wa EHLO ni salamu: mashine inajitaja jina. MAIL FROM ni jina lililoandikwa nyuma ya bahasha, ambalo barua isipofika hurudi hapo. From ni jina lililo ndani, kwenye kichwa cha barua, na ndilo mteja analoliona. Jina la nne halitamkwi kabisa. Seva ya upande wa pili inaichukua IP uliyopigia na kuiuliza DNS: hii ni ya nani? Jibu lake ndilo jina la kinyume.

Ni kama kwenda benki kufungua akaunti na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Kitambulisho kikisema Mashauri, barua ya mwenyekiti ikasema Mashaurii, na fomu uliyojaza ikasema M. Joseph, dada wa kaunta hatakuita mwizi. Atakusukumia karatasi zako na kukwambia nenda kazirekebishe. Kazi yote iliyobaki hapa chini ni kuyafanya majina hayo manne yakubaliane.

## Kabla ya kugusa faili lolote: seva yako iko wapi?

Kama seva iko kabatini ofisini, imechomekwa kwenye ruta ya 4G, acha kwanza. Laini za simu huwagawia wateja wengi IP moja, na IP yenyewe inabadilika. Jina la kinyume la IP hiyo si lako, mlango namba 25 mara nyingi umefungwa, na mafungu ya IP za namna hiyo huwa yameorodheshwa na Spamhaus, shirika linaloweka orodha za IP zinazotiliwa shaka, kwenye orodha yao ya PBL, yaani anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Hapo hujafanya kosa lolote. Mlango tu si wa kupitishia mzigo.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kukodi seva ndogo kwenye kituo cha data chenye IP isiyobadilika, ambako unaruhusiwa kuweka jina la kinyume. Ya pili, ambayo kwa ofisi ya watu kumi mimi huipendekeza bila kusita, ni kuiacha seva yako ikabidhi barua kwa mtoa huduma wa barua kupitia mlango namba 587, kwa mistari hii kwenye /etc/postfix/main.cf:

```
relayhost = [smtp.mtoahuduma.example]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = encrypt
```

Nywila inakaa kwenye hiyo sasl_passwd. Ipitishie postmap, kisha uifunge isisomwe na mwingine yeyote zaidi ya root. Ukipita njia hii, salamu na jina la kinyume vinakuwa mzigo wa mtoa huduma. Bahasha, From, SPF na DKIM (hizi mbili tutazifikia chini) vinabaki kuwa vyako, kwa hiyo usifunge ukurasa.

Unayekodi seva, ikague IP kabla hujahamishia chochote, maana unaweza kurithi dhambi za mpangaji aliyetangulia. Pindua namba zake kisha uliza:

```
dig +short 25.113.0.203.zen.spamhaus.org
```

Kimya maana yake haipo kwenye orodha. Jibu linaloanza na 127.0.0 maana yake ipo, likiwa 127.0.0.10 au 127.0.0.11 ni PBL. Ukipata 127.255.255.254 usipate presha: umeuliza kupitia DNS ya umma kama 8.8.8.8, na Spamhaus hawajibu huko.

## Ipe mashine jina la kweli

```
hostnamectl set-hostname barua.minofu.example
```

Hakikisha /etc/hosts nayo ina jina hilo, kisha fungua /etc/postfix/main.cf:

```
myhostname = barua.minofu.example
mydomain = minofu.example
myorigin = $mydomain
mydestination = $myhostname, localhost
inet_protocols = ipv4
smtp_tls_security_level = may
delay_warning_time = 4h
```

(Uliyechukua njia ya relayhost, mstari wa smtp_tls_security_level uache kwenye encrypt kama ulivyouweka.)

myhostname ndilo jina la salamu. Likiwa neno moja tu, mfano "seva1" bila nukta, seva nyingi hukataa palepale kwa kosa la 504 zikidai jina kamili.

myorigin ndiyo iliyotuangusha Igogo. Programu ikituma barua kwa jina lisilo na domeni, kama www-data au root, Postfix huibandikia myorigin. Kwenye Debian mara nyingi myorigin inasoma /etc/mailname, na faili hilo hujazwa wakati wa kusakinisha, ule wakati ambao sote tunabonyeza Enter tu ili mambo yaishe. Niliisakinisha mimi mwenyewe ile seva. Likague faili hilo hata kama main.cf inaonekana safi.

mydestination ina mtego wake. Ni orodha ya domeni ambazo masanduku yake yamo ndani ya mashine hii. Kama masanduku ya wafanyakazi yako kwingine, kwa mtoa huduma wa nje, usiiweke domeni yako humo. Niliwahi kuiweka, na nikapoteza nusu siku: wateja wote wa nje walikuwa wanapata barua vizuri, ila bosi, mwenye anwani ya domeni ileile, hapati kitu. Postfix ilikuwa inamtafuta bosi ndani ya mashine, haimpati, inakataa. Ukiona kwenye logi "User unknown in local recipient table" kwa mtu unayejua kabisa yupo, nenda moja kwa moja kwenye mstari huo.

Kuhusu inet_protocols: seva nyingi za kukodi huja na IPv6 tayari, na Postfix huitumia ikiipata. Gmail haikubali mzaha kwa barua ya IPv6 isiyo na jina la kinyume. Matokeo yake ni tatizo linalokuja na kuondoka, leo barua inapita, kesho inakataliwa, kutegemea njia iliyotumika. Kama huna sababu ya IPv6, izime kama nilivyofanya hapo juu. Kama unayo, basi kila utakachoifanyia IPv4 ukifanye na huko.

delay_warning_time haihusiani na domeni, lakini ingekuwepo tangu mwanzo, na mtumaji akawa sanduku linalosomwa na mtu, mhasibu angeambiwa Alhamisi ileile kwamba ankara imekwama. Bila mstari huo Postfix hainong'oni mpaka siku 5 ziishe.

Mabadiliko ya main.cf huchukuliwa kwa `systemctl reload postfix`, isipokuwa inet_protocols, ambayo inataka restart kamili.

## Jina la kwenda na jina la kurudi

Kwenye paneli ya DNS weka rekodi ya A: barua.minofu.example iende 203.0.113.25. Hiyo ni ya kwenda. Ya kurudi, inayoitwa PTR, haiwekwi kwenye domeni yako hata ungeitafuta mpaka usiku; iko kwa yule aliyekupa IP. Kwenye seva za kukodi kuna kisehemu chake kwenye paneli. Kwenye laini ya fiba ya ofisi unaandika barua ya maombi na kusubiri. Omba mapema.

```
dig +short barua.minofu.example
203.0.113.25
dig +short -x 203.0.113.25
barua.minofu.example.
```

Jibu la kwanza likupeleke la pili, na la pili likurudishe la kwanza.

## www-data, root, na fomu ya "Wasiliana nasi"

Sasa myorigin iko sawa, ankara zitatoka kwa www-data@minofu.example. Afadhali, lakini bado ni aibu, na sanduku hilo halipo. Tengeneza /etc/postfix/sender_canonical:

```
www-data    ankara@minofu.example
root        fundi@minofu.example
```

kisha

```
postmap /etc/postfix/sender_canonical
postconf -e 'sender_canonical_maps = hash:/etc/postfix/sender_canonical'
systemctl reload postfix
```

Hii inabadilisha jina la bahasha na lile la From kwa pamoja. Hakikisha ankara@ ni sanduku la kweli ambalo mtu analisoma, kwa sababu barua zilizoshindwa zitarudi hapo. Utaona sehemu nyingine watu wakitumia smtp_generic_maps kwa kazi hii. Hiyo hubadilisha jina barua ikiwa tayari inatoka mlangoni, baada ya kutiwa saini ya DKIM, na saini inavunjika. Iache.

Fomu ya tovuti ndiyo inayonichosha kuliko yote. Mgeni anajaza jina, anaandika anwani yake ya Yahoo, na fomu inakutumia barua ikiwa imeiweka anwani hiyo kwenye From. Ni kughushi, hata kama nia ni njema. Tangu mwaka 2014 Yahoo wametangaza kwamba barua yenye jina lao isiyotoka kwao ikataliwe. Kwa hiyo maulizo ya wateja yanapotea, na mwenye duka anadhani biashara imedorora. From iwe anwani yako mwenyewe, mfano tovuti@minofu.example, ya mgeni iwekwe kwenye Reply-To. Ukibonyeza kujibu, itaenda kwake vilevile.

## SPF: nani ana ruhusa ya kubeba bahasha yetu

SPF ni rekodi moja ya TXT kwenye domeni, inayotaja IP zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la bahasha yako.

```
minofu.example.        TXT  "v=spf1 ip4:203.0.113.25 -all"
barua.minofu.example.  TXT  "v=spf1 a -all"
```

Mstari wa pili wengi huusahau. Taarifa za barua zilizoshindwa hutumwa zikiwa na bahasha tupu, na hapo SPF huangalia jina la salamu badala yake. Dakika moja, umemaliza.

Alama ya mwisho ndiyo hukumu. -all inasema wengine wote si wetu. ~all inasema wengine tuna wasiwasi nao. Anza na ~all kama bado huna uhakika wa kila kinachotuma kwa jina la kampuni, na niamini, huna. Kaa na watu uwaulize. Mauzo wanatumia mfumo gani kutuma matangazo? Mishahara inatoka wapi? Ile printa ya ghorofani inayoskani na kutuma barua? Pale Igogo tuligundua mfumo wa nje uliokuwa ukituma taarifa za mizigo kwa jina la kampuni, na mtu pekee aliyejua ni kijana aliyekwisha kuhamia Bukoba.

Makosa ninayokutana nayo zaidi ni mawili. La kwanza ni rekodi mbili za v=spf1 kwenye domeni moja: fundi wa kwanza aliweka yake, wa pili akaongeza yake. Zikiwa mbili zote zinabatilika, kama hati mbili za kiwanja kimoja. Ziunganishe ziwe moja. La pili ni kurundika include, yaani maneno ya kuazima orodha ya SPF ya domeni nyingine. SPF inaruhusu maulizo 10 tu ya DNS, na include, a na mx zote zinahesabiwa, pamoja na include zilizomo ndani ya include. ip4 na ip6 hazihesabiwi. Ukizidi 10, rekodi nzima inahesabika imeharibika.

## DKIM: muhuri

SPF ina udhaifu: barua ikipelekwa mbele na sanduku jingine, IP inabadilika na SPF inaanguka. DKIM inasafiri na barua yenyewe. Seva yako inaitia saini kwa ufunguo wa siri, na yeyote anaihakiki kwa ufunguo wa wazi ulio kwenye DNS.

```
apt install opendkim opendkim-tools
mkdir -p /etc/opendkim/keys
opendkim-genkey -D /etc/opendkim/keys -d minofu.example -s mwz1 -b 2048
chown -R opendkim:opendkim /etc/opendkim/keys
chmod 600 /etc/opendkim/keys/mwz1.private
```

Hilo mwz1 ni jina la ufunguo. Weka lolote, ila acha nafasi ya mwz2, kwa sababu siku moja utaubadilisha. Kwenye /etc/opendkim.conf:

```
Domain            minofu.example
Selector          mwz1
KeyFile           /etc/opendkim/keys/mwz1.private
Socket            inet:8891@localhost
Canonicalization  relaxed/simple
Mode              sv
```

Mstari mwingine wa Socket uliokuja na faili uzime, isije ikawa miwili. Kisha kwenye main.cf:

```
smtpd_milters = inet:localhost:8891
non_smtpd_milters = $smtpd_milters
milter_default_action = accept
```

Usiuache mstari wa pili. Barua inayoingia kwa SMTP hupita wa kwanza, lakini ile inayotumwa na PHP au cron ndani ya mashine hupita wa pili. Ukiuacha, utajaribu kwa Thunderbird uone saini safi, ushangilie, na ankara ziendelee kutoka bila muhuri. Vilevile OpenDKIM, ikiachwa ilivyo, humtilia saini aliye ndani ya mashine yenyewe tu. Kama programu ya uhasibu iko kwenye kompyuta nyingine ya ofisi, itaje kwenye InternalHosts pamoja na 127.0.0.1.

Fungua mwz1.txt uchukue ufunguo wa wazi uupeleke DNS kwa jina mwz1._domainkey. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255, kikomo cha kipande kimoja cha TXT, ndiyo maana faili limeukata vipande vyenye alama za nukuu. Paneli nyingi zinataka uunganishe vipande, utoe nukuu na mabano, ubandike mstari mmoja; zenyewe zitakata. Na angalia hili: paneli nyingi huongeza domeni zenyewe. Ukiandika jina zima unapata mwz1._domainkey.minofu.example.minofu.example, nawe utakaa saa tatu ukisubiri DNS "isambae" wakati imeshasambaa zamani, ila kwa jina la ajabu.

Washa upya opendkim na postfix, kisha kagua:

```
opendkim-testkey -d minofu.example -s mwz1 -vvv
```

Unatafuta "key OK". Maneno "key not secure" yanamaanisha tu domeni haina DNSSEC. Hayazuii kitu.

## DMARC: na ikishindikana, tufanyeje?

DMARC ndiyo inayofunga kamba. SPF inaangalia bahasha, DKIM inaangalia domeni iliyotia saini, na vyote vinaweza kufaulu huku From ikitaja domeni ya mtu mwingine kabisa. DMARC inadai angalau kimoja kati ya hivyo viwili kifaulu kwa domeni ileile iliyo kwenye From. Ndiyo maana nimesisitiza majina yakubaliane.

```
_dmarc.minofu.example.  TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@minofu.example"
```

p=none maana yake usimzuie mtu, nipe taarifa tu. Taarifa huja kwa kawaida kila siku, faili la XML lililobanwa, baya machoni. Usilisome lote, tafuta source_ip na matokeo yaliyo chini yake. IP usiyoijua yenye barua nyingi ni mfumo uliousahau au mtu anayewaibia jina. Kaa hapo wiki kadhaa, mwezi mzima wa kazi ukiweza, ili mishahara na hesabu za mwisho wa mwezi zipite. Ndipo uende p=quarantine, na baadaye p=reject. Nimeona ofisi ikiruka moja kwa moja hadi reject Ijumaa jioni. Jumatatu hakuna mteja aliyekuwa amepata kitu.

## Jaribu kwa macho yako

Tuma kwa njia ileile ambayo programu inatumia, usitume kwa njia iliyokurahisishia wewe:

```
echo "Jaribio kutoka Mwanza" | sudo -u www-data mail -s "Jaribio" jinalako@gmail.com
```

Fungua barua hiyo kwenye Gmail ya kompyuta, bonyeza nukta tatu, chagua kuiona katika hali yake ya asili. Unatafuta sehemu hii:

```
Authentication-Results: mx.google.com;
  dkim=pass header.i=@minofu.example header.s=mwz1;
  spf=pass smtp.mailfrom=ankara@minofu.example;
  dmarc=pass (p=NONE) header.from=minofu.example
```

Usitosheke na neno pass. Soma domeni iliyo mbele ya kila moja, zote tatu zifanane. Nimewahi kuona spf=pass ya domeni ya mtoa huduma wa tovuti; SPF ilifaulu kweli, ila kwa faida ya mtu mwingine.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti. Kwa Gmail kila mtumaji anatakiwa awe na SPF au DKIM, jina la kinyume na usafirishaji wa TLS, yaani barua ifichwe kwa kusimbwa ikiwa njiani. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja, na kwenye matangazo aweke kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Malalamiko ya spamu hayatakiwi kufika asilimia 0.3. Ofisi ya Igogo haifiki hata barua 200 kwa siku, lakini ukikataliwa kwa 550 5.7.26 jua ndiyo masharti hayo: hujathibitishwa. IP mpya nayo usiimwagie barua elfu siku ya kwanza. Anza na wateja wanaokujibu, ongeza taratibu.

## Zile zilizokwama kwenye foleni

Ukishamaliza, barua za zamani bado zimekaa kwenye foleni na jina baya. `postqueue -p` inaziorodhesha, na `postcat -q` ikifuatiwa na namba ya barua inakuonyesha kilichomo. Ipo `postsuper -r ALL` inayozipitisha upya kwenye ubadilishaji wa majina, na inavutia. Lakini barua iliyopitishwa hivyo hairudi kwenye milter, kule OpenDKIM inakotia saini, kwa hiyo hata jina likirekebishika itatoka bila saini ya DKIM. Mimi nilizifuta moja moja kwa `postsuper -d` na kumwomba mhasibu azitume tena kutoka kwenye programu yake.

Akazituma nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake, logi imefunguka kwenye simu yangu. status=sent. status=sent. Ya tatu ilichelewa sekunde chache, ikatutoa jasho, kisha status=sent. Akashusha pumzi, akageuka: "Asante, fundi. Sasa kwa kuwa upo, niangalizie na ile printa ya ghorofani, tangu uguse hizo SPF zako haitumi kitu."